Mwana Mugimu Ava ku Ngozi: Historia ya Joto la Mtoto Mchanga Hapa Kampala

Mvua zikianza Kampala, iwe zile za Machi hadi Mei au zile za Septemba kuendelea, swali ni lile lile kila mtaa tunaoishi, kuanzia Katwe mpaka Nsambya mpaka Ndejje: mtoto ana miezi miwili, anapiga chafya, pua imeziba, tumpe dawa gani ya asili? Majibu hayakosekani. Tangawizi. Kitunguu saumu. Asali. Kuna atakayesema "mtoto ana kilimi, akatwe". Kuna atakayesema yote hayo ni ushamba, nunua dawa ya maji pale famasi, basi.

Mimi nataka tuanze kwingine kabisa: pale Mulago. Kwenye eneo la hospitali hiyo kuna kituo cha lishe ya watoto kinachoitwa Mwanamugimu, kilichofunguliwa mwaka 1965. Wengi wetu tunalijua jina tu, tunadhani ni jina la mtu. Si mtu. Ni kipande cha methali ya Waganda: *mwana mugimu ava ku ngozi*. Mwana mugimu ni mtoto mwenye afya, aliyestawi kama shamba lenye rutuba. Na ngozi kwa Kiganda si ngozi ya mwili, ni ile mbeleko anayobebewa mtoto mgongoni. Kwa hiyo methali inasema mtoto mwenye afya anatoka kwenye mbeleko. Waganda wenyewe huielewa hivi: ukitaka mtoto mzima, mwangalie aliyembeba.

Ndugu zetu Wanyarwanda, Warundi na Wanyamulenge wanaosoma hapa tayari wamecheka, maana kwao ni *ingobyi*, neno la ukoo ule ule, na zamani ilitengenezwa kwa ngozi ya kondoo iliyolainishwa. Huku magharibi mwa Uganda engozi ni pia machela ya kumbebea mgonjwa kwenda hospitali. Neno moja linambeba mtoto na linambeba mgonjwa. Leo sisi tunatumia kitenge, lakini kazi ni ile ile.

Kazi yenyewe ni ipi? Kampala ipo kama mita 1,200 juu ya bahari. Siyo Goma wala Bukavu, ambako baridi inajulikana, lakini usiku wa mvua ndani ya muzigo wenye bati na sakafu ya simenti, mtu mzima anajikunyata. Mtoto mchanga hawezi hata kutetemeka vizuri ili ajipashe joto. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, ngozi yake nyembamba, na joto linamtoka haraka kuliko linavyotutoka sisi. Akiwa amelowa ndiyo kabisa. Akipoa, anatumia nguvu zake zote kutafuta joto badala ya kukua, ananyonya kidogo, anadhoofika. Akifungwa kifuani au mgongoni kwa mtu mzima, joto la yule mtu linakuwa lake. Hakuna blanketi linaloweza kufanya hivyo, maana blanketi halitengenezi joto, linahifadhi tu lililopo.

Hapo lazima niseme na jambo lingine, ingawa wazee watanikasirikia. Baridi peke yake haileti mafua. Mafua yanaletwa na virusi, na msimu wa mvua watu sita wanajifungia kwenye chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia, mmoja akikohoa wote wamepata. Kwa hiyo "kumkinga mtoto na baridi" kwetu ni mambo mawili yamekaa pamoja: joto la mwili, na hewa anayovuta.

Waganda walikuwa na utaratibu wao, na bado upo. Mama aliyejifungua, *nakawere*, hakutegemewa kufanya kazi nzito. Alikaa ndani, akapikiwa, akaogeshwa kwa maji ya moto. Pwani ya Uswahilini wanaita arobaini: mama anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, mkunga anaingia na kutoka. Kwetu Kivu bamama wanalijua hilo bila kuelezwa, uji wa moto asubuhi na jioni mpaka mama mwenyewe aseme imetosha. Na mtoto wa Kiganda alikuwa na *kyogero*, maji ya kuogea yaliyotiwa majani kama bombo na lweza, yenye kazi ya kulainisha ngozi na kuleta bahati. Majani hayo bado yanauzwa sokoni Kampala. Ukiangalia vizuri utaona kitu: karibu kila jambo katika desturi hizi linamhusu mama kwanza, na mtoto anapata kupitia kwake. Hata kyogero ni ya kuogea. Ukimnywesha mtoto wa wiki mbili majani, hiyo ni habari nyingine, nitairudia.

Halafu wakaja wamisionari. Daktari Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson walifika Kampala mwaka 1897, wakaanzisha hospitali ya Mengo mwaka huo huo, na mwaka 1900 wakaoana. Upande wa Nsambya, mwaka 1903 walifika masista Wafransisko, akiwemo Mother Kevin kutoka Ireland, wakaanza kutibu watu chini ya mwembe. Hospitali ya Nsambya, ambayo wengi wetu tunaipita kila siku kwenda Kabalagala, ndipo ilipotoka.

Watoto walikuwa wanakufa wengi wakati ule, hilo si uongo. Buganda ilikuwa imetoka kwenye vita vya dini na magonjwa, ikaingia kwenye janga la malale. Lakini wamisionari wengi waliangalia vifo hivyo wakaona kosa ni la mama: mila zake, uchafu wake, tabia zake. Cook aliamini kaswende imejaa kila nyumba. Wanahistoria wa baadaye wanadhani sehemu kubwa ya aliyoyaona yalikuwa magonjwa yanayofanana na kaswende lakini hayahusiani kabisa na zinaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Katharine Cook alisimamia shule ya wakunga Namirembe, na mume wake akaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Nawapa haki yao. Wakunga waliofundishwa pale walisambaa nchi nzima, na wanawake wengi walipona kwa sababu yao. Ila lugha ile ya kumlaumu mama ilibaki, na mpaka leo ukikaa kwenye benchi la kliniki utaisikia, safari hii ikisemwa kwa mama mkimbizi asiyejua Kiganda wala Kiingereza.

Kwa upande wetu wa Kongo mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko Katanga, kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoona ni hasara kuleta wafanyakazi wapya kila mwaka, ikaamua wanaume waishi kambini na wake zao. Ikafungua vituo vya kupima watoto, kugawa maziwa na uji. Watoto walipona, ndiyo. Lakini kampuni na serikali ya Wabelgiji hawakupenda jinsi wanawake walivyonyonyesha miaka miwili au mitatu, kwa sababu desturi iliwatenganisha mume na mke kipindi hicho, na uzazi ukachelewa. Walitaka watoto zaidi, wafanyakazi wa kesho. Kwa hiyo maziwa ya kopo hayakuja Kongo kama zawadi tupu.

Turudi Mulago. Miaka ya 1930 daktari Hugh Trowell alikuwa anaona watoto waliovimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabanduka. Wenzake wengi walisema ni minyoo au kaswende tena. Yeye na wenzake walibishana miaka mingi mpaka ikakubalika kwamba ni njaa ya aina fulani, mtoto anashiba ndizi lakini hapati chakula cha kujenga mwili. Ugonjwa ulipewa jina kutoka Ghana, kwashiorkor. Waganda walikuwa nalo lao zamani, *obwosi*, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine. Na sisi wa Kivu tunalo letu, *bwaki*. Wale bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini jina *obwosi* peke yake linaonyesha walijua tatizo linaanza wapi: pale mtoto anapotoka mgongoni na kifuani kwa mama kabla ya wakati.

Nasimama kidogo hapa kwa sababu ya kilichofuata miaka ya 1950. Mfaransa Marcelle Geber alikuja Kampala akapima watoto wachanga wa Kiganda, akashangaa: walikaza shingo, walikaa, walisimama mapema kuliko watoto wa Ulaya. Mwaka 1954 akafika Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, mume wake akiwa amepata kazi Makerere. Alitembelea nyumba 26 vijijini karibu na Kampala, akakaa na bamama, akaangalia tu wanavyoishi na watoto wao: wanavyobebwa, wanavyonyonya kila wanapotaka, wanavyolia mama akitoka chumbani. Kitabu chake, *Infancy in Uganda*, kilitoka mwaka 1967, na kile alichokiona huku kikawa moja ya misingi ya elimu inayofundishwa leo vyuoni kuhusu mtoto na mlezi wake. Wafanyakazi wa mashirika mnaotufundisha semina za malezi, mzizi wa yale makaratasi yenu uko kwenye nyumba za nyasi na bati za Buganda.

Kufikia miaka ya 1960 madaktari wa Mulago walikuwa wamechoka na kitu kimoja. Mtoto analetwa na bwaki, anapewa maziwa ya unga hospitalini, anapona, anarudi nyumbani, baada ya miezi analetwa tena. Au mama anajifunza kwamba dawa ni yale maziwa, anakwenda kuyanunua dukani, hana pesa ya kutosha, anachanganya kijiko kimoja kwenye chupa nzima ya maji ambayo hayakuchemka. Yaani tiba yenyewe ikaanza kuleta ugonjwa. Mwanamugimu ilijengwa kwa wazo tofauti. Mama analazwa pamoja na mtoto. Wanapika kwa mafiga na masufuria kama ya nyumbani, chakula cha soko la kawaida: ndizi, maharage, karanga, dagaa, mboga, vinachanganywa na kufukizwa pamoja, kile Waganda wanaita *kitobero*. Mama anamwona mtoto anapona kwa mikono yake mwenyewe. Kituo kilipita hata kwenye miaka ya Idi Amin, wakati madaktari wa kigeni wameondoka na dawa hamna, kwa sababu elimu ilikuwa imeshatoka nje ya ukuta wa hospitali.

Hapo Makerere alikuwepo pia profesa wa watoto, Derrick Jelliffe, kuanzia 1959 mpaka 1966. Aliyoyaona kuhusu chupa aliyapigia kelele duniani. Baadaye alitunga neno la kuelezea utapiamlo unaoletwa na biashara. Mwaka 1977 watu Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na Mei 1981 mkutano wa afya duniani ukapitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo; nchi 118 zilikubali, Marekani peke yake ikakataa. Kanuni hizo ndiyo sababu leo shirika la maana haligawi kopo za maziwa kwa wakimbizi hovyo hovyo. Mama asidhani ananyimwa. Maziwa yake, hasa yale ya kwanza mazito ya njano, yana kinga dhidi ya magonjwa yale yale anayokohoa jirani ukutani, maana mwili wa mama unakutana na virusi hivyo hivyo na kutengeneza kinga ambayo mtoto anaipata kwa kunyonya. Kwa mtoto chini ya miezi sita hakuna tangawizi itakayofikia hapo. Na akiwa na mafua, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, kwa sababu pua iliyoziba inamchosha.

Mwaka 1978, mbali sana, Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey hakuwa na mashine za joto za kutosha kwa watoto njiti. Akawaambia bamama wawafunge watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Dunia ikaita njia ya kangaruu. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito chini ya kilo 1.8. Walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Waliosubiri kwanza kwenye mashine mpaka hali itulie, asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine. Sasa ni kangaruu! Mnyama ambaye bibi zetu hawajawahi kumwona. Wangeiita ingobyi tungeelewa haraka.

Lakini msije mkasema nimetetea kila kitu kinachoitwa asili. Si kila cha asili ni cha zamani, na si kila cha zamani ni chema. Chukua *ebiino*, meno ya uongo, ambapo mtoto mwenye homa au kuhara anachokonolewa ufizi mpaka mbegu ya jino itoke. Madaktari wa meno walikuwa wanaandika juu yake Uganda tangu miaka ya 1960, na Tanzania ilipovuma miaka ya 1980 wakaita meno ya plastiki. Niambieni, babu gani alikuwa na plastiki? Chukua kilimi, au kimeo kama wanavyosema Tanzania: mtoto anakohoa, anakatwa kile kinyama cha kooni kwa kisu. Wengine wametoka damu mpaka mwisho. Chukua asali: kwa mtoto chini ya mwaka mmoja inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka pumzi. Majani ya kunywa, mtoto mchanga hana ini la kuyamudu, na kila kijiko cha dawa ni kijiko cha maziwa kilichokosa nafasi.

Na sigiri. Hili nalisema kwa uzito kuliko yote. Usiku wa mvua watu wanaingiza sigiri ndani, wanafunga mlango, wanalala. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza isiamke. Hata mlango ukiwa wazi, moshi unachubua mapafu ya mtoto na kumfungulia njia nimonia. Sigiri ibaki nje. Mtoto akauke vizuri baada ya kuoga, avae kofia, alale kifuani kwa mama au kwa baba. Ndiyo, kwa baba. Kifua cha mwanaume kina joto lile lile, vijana wenzangu.

Kuna jambo moja jipya ambalo bibi zetu hawakuwa nalo, na ni rahisi kama mbeleko. Miaka ya 1980 daktari Frank Shann huko Papua New Guinea alionyesha kwamba nimonia ya mtoto inaweza kutambuliwa bila picha ya mapafu, kwa kuhesabu pumzi. Inua nguo, angalia kifua, hesabu dakika nzima kwa simu mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi. Miezi miwili mpaka mwaka, 50 au zaidi: si mafua tena. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, akikataa kunyonya, akilegea, au mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa au mwili wa baridi, hakuna kusubiri asubuhi. Vituo vya afya vya serikali kama Kisenyi na Kisugu vinatuhudumia wakimbizi pia, na chanjo hazilipiwi. Ya Hib iliingia Uganda 2002, ya nimokoko 2013, zote zinachomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hizo mbili zinazuia sehemu kubwa ya nimonia mbaya, ile ambayo wakati wa Cook haikuwa na chanjo hizi.

Sasa niongee na wafanyakazi wa mashirika. Mkimbizi wa Kampala hapati mgao wa chakula kama wa kambini. Hapa mjini inatakiwa ajitegemee. Sheria ya kazi ya Uganda ya 2006 inampa mama aliyejifungua siku 60 za kazi akiwa analipwa. Dada zetu wanaotembeza bitenge na shanga kutoka Kabalagala mpaka Ntinda hawana mwajiri wa kumdai siku hizo. Wiki ya pili au ya tatu wako barabarani, mtoto mgongoni kwenye manyunyu, au ameachwa na dada yake wa miaka 8 na chupa ya uji mwepesi. Mkija na blanketi za msimu wa baridi tunashukuru, hakuna anayekataa blanketi. Lakini ulizeni pia yule mama amekula nini jana, na ana siku ngapi za kukaa ndani kabla kodi ya nyumba haijamtoa. Wiki sita za chakula na kodi kwa nakawere mmoja, zihesabiwe kwenye bajeti kama mnavyohesabu blanketi.